Kusoma Bati Likipiga Kelele

Walimu wapya mna haraka, na haraka yenu inanichosha. Mnapangiwa darasa la kwanza mwezi wa kwanza, na ukifika mwezi wa tatu mko kwangu Kyimo, nyuso zimewashuka, mnakunywa chai yangu na kuniambia, "Mwalimu Atupele, kuna mtoto hasomi." Nikiuliza umejuaje kwamba hasomi, mnatazama kikombe. Juzi kaja kijana mmoja, mwenye adabu zake, ana simu iliyojaa video za kufundishia ambazo sisi tungezipata tungejiona tumefika mbinguni. Akaniambia ana mtoto wa kike ambaye hajafungua kinywa tangu aandikishwe, na wenzake ofisini wameshampa jina la bubu. Nilimmiminia chai, lakini nyingine niliimwaga mezani. Neno hilo niliwahi kulisikia likisemwa juu ya mtoto wa darasani kwangu.

Kijana yule nilimwahidi nitaandika. Nikiandika, na ninyi wengine mtasoma huko huko mliko, sukari yangu ipumzike.

Nilifundisha darasa la kwanza na la pili kazi yangu yote, Lupepo, kisha Lufingo, mwisho hapa Kyimo. Wenzangu wa madarasa ya juu waliniita mwalimu wa makamasi. Nami niliwajibu kwamba makamasi yanafutika, ila mtoto anayefika darasa la saba hajui kusoma ni aibu yetu wote, na hiyo haifutwi kwa leso. Hawakupenda kuambiwa hivyo kwenye kikao.

Aliyenifungua macho ni Bi Fatuma, mwalimu niliyemkuta Lupepo. Ukoo wao ulitoka Kilwa, ukaja Tukuyu mjini na biashara ya nguo, yeye akachagua chaki. Muhula wangu wa kwanza nilikuwa na darasa linalonguruma. Nikigonga ubao kwa fimbo, watoto wanatoa "ba be bi bo bu" hadi ndege wanaruka kwenye migomba. Vitabu wanavisoma kwa pamoja, ukurasa mzima, bila kukosea. Nilijiona bingwa. Bi Fatuma akaingia, akasimama karibu na dawati la mbele, akanyoosha mkono taratibu na kumfunulia mtoto mmoja ukurasa mwingine. Mtoto hakushtuka. Aliendelea na maneno ya ukurasa uliopita, na wenzake wote pamoja naye.

"Kwaya nzuri, mwenzangu," akaniambia. "Sasa kusoma wataanza lini?"

Nilichukia siku nzima. Kesho yake nikamfuata, akanionyesha. Alianza na sauti zinazovutika, m na s na l, kwa sababu mtoto anaweza kuishikilia mmm mpaka pumzi imwishie, halafu akafungua mdomo ikatoka ma. B na d hakuzifundisha ndani ya wiki moja, maana zinatazamana na kuchanganya macho. Watoto aliwawekea kiganja kooni wausikie mtetemo. Kadi zake zilikuwa maboksi ya sabuni yaliyokatwa, na herufi nyingine ziliandikwa ndani ya vizibo vya soda, mtoto azipange mwenyewe kwa vidole. Kwa wale waliotoka nyumbani na Kinyakyusa kitupu alianza na vitu wanavyovishika kila siku, ili sauti ngeni isije na neno geni mgongoni. Hayo mengi sasa mnafundishwa semina, mnapewa na posho. Mimi nilifundishwa kwa kusutwa.

Ila kuna jambo ambalo hata Bi Fatuma hakunipa dawa yake, nalo ni mvua.

Ninyi mliotoka mikoa mikavu, subirini. Lufingo darasa langu halikuwa na dari, bati tupu juu ya vichwa vyetu. Mvua unaiona inatoka upande wa mlima, nyeupe, inashuka mashamba ya chai, inakuja kwenye viazi, na kabla hujamaliza kusema "fungeni madirisha" imekwisha kutua juu yako. Hapo sauti za herufi zimekufa. Piga kelele uwezavyo, mtoto wa dawati la pili anaona mdomo wako unachezacheza tu. Na huku kwetu miezi ya kunyesha ndiyo mingi. Walimu wengi waliwaacha watoto walale juu ya madawati, na wengine waliwaandikia cha kunakili. Nilikaa nikapiga hesabu ya masomo ninayopoteza, nikaona nikiendelea hivi nusu ya watoto wangu nitawapeleka darasa la tatu wakiwa weupe kama walivyokuja.

Ndipo nikaanza kufundisha bila kusema. Mvua ikipiga, nageukia ubao naandika: *Simama.* Nasubiri. Naandika: *Piga makofi.* Kisha: *Mpe Lugano kalamu.* Baadaye nikawa mkorofi: *Kama una dada, shika pua.* Watoto walicheka bila sauti, mabega yanaruka, na walianza kuiombea mvua. Lakini utamu huo una mtego wake, na huu muuandike kwenye madaftari yenu. Mtoto anasoma macho ya mwalimu kabla hajasoma ubao. Ukiandika *mlango* ukautazama mlango, umeshamjibia. Jifunze kuandika kisha utazame viatu vyako. Halafu wachunguze, nani anaanza na nani anangoja jirani yake aanze. Anayengoja hajasoma, ameiga tu, na wewe ukimpa vema unajidanganya mwenyewe.

Siku moja bati likiwa linalia, niliandika: *Aliye karibu na dirisha bovu alifunge kwa jiwe.* Karibu na dirisha bovu alikaa mtoto mmoja peke yake, hana wa kumwiga. Alikuwa Sekela. Akainuka, akachukua jiwe lililokuwa chini ya ubao, akaliegemeza dirishani lisifunguke, akarudi kukaa na kukunja mikono. Niligeuka nikasoma tena nilichoandika, kwa sababu shule nzima ilikuwa inajua kwamba Sekela ni bubu na kiziwi.

Sekela alikuwa darasa la pili. Baba yake alifariki ghafla kabla mtoto hajaanza shule, na tangu siku ya maziko mtoto hakusema tena na mtu. Alipokuja shuleni alikuja na kimya chake. Ukimwita jina anakutazama kidogo kisha anatazama chini. Mwalimu mkuu wetu, mtu mwema aliyechoshwa na madarasa yenye msongamano, aliamua kwamba mtoto hasikii. Akaomba msaada wilayani, na nafasi ikapatikana kwenye shule ya bweni ya watoto viziwi, mkoa mwingine kabisa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu mwenye nia mbaya unaweza kumgombeza. Hawa walikuwa wanamsaidia, na kwa msaada huo mtoto aliyepoteza baba angetengwa na mama, akae kati ya watoto wanaozungumza kwa mikono lugha isiyo yake.

Mama yake alinijia nyumbani, akapitia mlango wa jikoni.

"Mwalimu, mwanangu anasikia," aliniambia. "Tukiwa wawili ananinong'oneza. Anasema vizuri tu."

"Umemwambia mzee, mkweo?"

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana, nami nikajiona mjinga. Mimi ni Mnyakyusa, naijua mila. Mke hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, jina lake halitaji. Akisikia kikohozi chake njiani anaingia migombani na kuinama mpaka apite. Siku hizi wengi wameiacha, hasa mjini, lakini kwa Mzee Asajile, babu yake Sekela, iliendelea kama alivyoikuta. Na kwa kuwa baba hayupo, mwenye neno juu ya mtoto alikuwa huyo mzee. Alikuwa ameshakubali mtoto apelekwe. Tangu maziko hata yeye hakuwahi kusikia mjukuu wake akitamka kitu.

Nilimwambia mwalimu mkuu habari ya dirisha na ya kunong'ona. Akatikisa kichwa. "Mwalimu Atupele, wewe unawapenda sana hawa watoto, utaona hata kisichokuwepo." Hata hivyo alinikubalia jambo moja. Afisa wa elimu maalumu alikuwa anakuja kukamilisha habari za safari. Akamwomba ampime kwanza kusoma, babu akiwepo, na neno la siku hiyo liwe la mwisho. Akisoma, abaki. Asiposoma, gari litakalomrudisha afisa litaondoka naye mpaka wilayani, na kutoka huko safari.

Siku hiyo sikunywa hata chai. Afisa alikuwa dada mmoja mpole, amevaa viatu visivyofaa kwa tope letu. Mzee Asajile alikaa kwenye kiti cha mwalimu, fimbo katikati ya magoti, kofia juu ya fimbo. Zamani alikuwa mpima majani ya chai, mtu wa mizani, na alimtazama kila mtu kama anakadiria uzito wake. Mama Sekela alibaki nje, upande wa ukuta usio na dirisha, khanga kichwani. Furushi la nguo za Sekela lilikuwa pale miguuni pake, limefungwa tayari.

Afisa akampa Sekela kadi yenye maneno. "Soma hapa, mama. Polepole tu."

Sekela aliitazama kadi, nikaona macho yake yanatembea kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, kama macho ya mtu anayesoma. Nilitamani kupiga kelele, tazameni macho! Lakini mdomo haukufunguka. Afisa akabadilisha kadi, akaleta nyepesi zaidi. Akaja kwenye herufi mojamoja. Kimya. Akaziweka kadi juu ya meza na kuzipanga vizuri, na mtu akianza kupanga vitu vyake mnajua ameshaamua.

"Nipe ubao," nikasema. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Madam, nakuomba. Nipe ubao kidogo tu."

Nikaandika: *Fungua dirisha.* Nikatazama viatu vyangu. Nilisikia hatua zake, kisha jiwe likiwekwa sakafuni. Afisa akainuka mwenyewe, akachukua chaki na kuandika: *Chukua mkoba wangu uuweke kwenye dawati la nyuma.* Sekela akauchukua mkoba, akaubeba kwa mikono miwili, akauweka dawati la nyuma. Afisa akageuka kwa mwalimu mkuu, uso umebadilika.

Mzee Asajile alikuwa hajacheka wala kukunja uso.

"Mwanangu mwalimu," akasema, "mimi nafuga. Ng'ombe wangu nikitazama zizini, naye anakwenda zizini. Hajasoma kitu. Ananijua mimi."

"Mzee, nilitazama chini."

"Kutazama chini nako ni kutazama. Anakujua, unamjua, mmezoeana. Mkoba upo mezani, mtoto mwerevu anaweza kukisia. Nisimwache hapa akae bure miaka yote kwa kukisia." Akainuka, magoti yakalia. "Nakuheshimu. Lakini tupishe. Nipe hiyo chaki."

Niliwaka hasira, na hasira yenyewe iliniwakia mimi, maana aliyoyasema ndiyo niliyokuwa nikiwaambia walimu wenzangu kila siku. Nikampa chaki, nikatoka. Mlango ukafungwa nyuma yangu.

Nje nikasimama na Mama Sekela chini ya paa. Wingu lilikuwa limeshafika kwenye chai. Akaniuliza kwa macho, nami nikamwonyesha mlango uliofungwa. Kisha mvua ikatua, na bati likaanza. Hatukusikia tena chochote cha ndani, si kikohozi, si kiti. Matone yalikuwa yanaruka na kutulowesha miguu, na mama alilivuta furushi la nguo karibu na ukuta lisilowe, halafu akalitazama kana kwamba anajiuliza kwa nini anajali.

Nilianza kuwaza ujinga wote unaowezekana. Wazee wa umri ule huandika mwandiko wa kuunganisha, herufi zimeshikana mikono, na Sekela hajawahi kuuona. Je, kama ameandika neno la mizani, neno la kanisani, neno refu la serikali? Je, kama mtoto ameogopa tu kubaki na watu wakubwa watatu? Nilitaka kuzunguka nichungulie dirishani. Lakini uso wangu ukionekana pale, kila kitu kitaharibika, na itakuwa mimi niliyemfukuzisha shule. Nilishika nguzo ya paa kwa mikono yote miwili ili nisiende. Nyie mnaofikiri darasa la kwanza ni kazi nyepesi, ningependa mmoja wenu angekuwa pale ashike nguzo ya pili.

Mlango ukafunguka. Sekela akatoka peke yake.

Nilijua ameshindwa na ameambiwa akachukue nguo. Alinipita bila kunitazama, akamfuata mama yake, akavuta khanga yake, mama akainama, mtoto akamnong'oneza sikioni kama walivyozoea. Mama akatikisa kichwa, hasikii. Sekela akanong'ona tena. Mama akagusa sikio lake na kuonyesha juu kwenye bati. Mtoto akarudi nyuma hatua, akapiga mguu chini kwa hasira, akafungua kinywa chote.

"Mama! Babu anasema uingie ndani!"

Alisema kwa Kinyakyusa, na sauti ilikuwa nzito, imekwaruza kwa kutotumika. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia.

Mama yake hakuwa na nafasi hata ya kufurahi. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani, khanga ameibana kifuani. "Hapana," alikuwa anasema, niliona midomo yake. "Hapana. Amekosea." Akanitazama nimsaidie, na kusema kweli hata mimi niliona mtoto amekosea. Mkwe aitwe na baba mkwe aingie alimo? Nani angeandika kitu kama hicho? Nikaenda mlangoni kutazama ubao.

Mzee alikuwa ameandika kwa herufi kubwa zilizoachana, safi, mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika kwenye magunia ili asomeke na kila mtu. *SEKELA, NENDA NJE UMWAMBIE MAMA YAKO AINGIE NDANI.* Niliisoma mara mbili. Katika Lufingo nzima hakuna mtu ambaye angeweza kumfundisha mtoto yule sentensi hiyo, wala mtoto ambaye angeikisia. Afisa alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Mwalimu mkuu alikuwa anafuta miwani isiyo na uchafu.

Na Mzee Asajile alikuwa amebeba kiti, amekipeleka kwenye pembe tunapoweka mafagio, amekaa akitazama ukuta, mgongo kwetu.

Nikarudi kwa mama, nikamwambia kwa kumshika bega, karibu kabisa na sikio, "Amekugeuzia mgongo. Ingia." Ilibidi nirudie. Alijifunika khanga mpaka puani, akainama, akaingia kwa hatua ndogo huku Sekela amemshika mkono, akasimama pale pale baada ya kizingiti, tayari kukimbia.

Mzee alikohoa, kama afanyavyo njiani kumjulisha kwamba yupo. Kisha akasema kwa nguvu, akiuambia ukuta, "Mtoto haendi. Atasoma hapa hapa."

Mama Sekela alitaka kushukuru, nasi tukishukuru sana tunasema ndaga fijo. Hakuwahi kusema na mzee tangu aolewe. Alipokuwa na neno alimpa mumewe alipeleke, na mumewe alikuwa chini ya udongo. Nilikaribia kusema mimi kwa niaba yake. Ila aliinama, akaweka mdomo kwenye sikio la mwanawe.

Sekela akaisikiliza habari yake mpaka mwisho. Akavuta pumzi, akapaza sauti juu ya mvua yote ile.

"Babu! Mama anasema ndaga fijo!"

Mzee hakugeuka. Mkono wake ulipanda usoni, ukakaa huko kidogo, ukashuka.

"Mwambie nimesikia," akasema.